Tonge la Hitler

Hebu fikiria: nje kuna vita, watu wana njaa. Wewe umewekewa sahani ya mboga safi. Unakula, halafu unasubiri saa nzima kuona kama utakufa.

Ndivyo alivyosimulia Margot Wölk wa Berlin mwaka 2012, akiwa na miaka 95, baada ya kukaa kimya miaka mingi. Alisema yeye na wenzake 14 walilazimishwa kuonja chakula cha Hitler, karibu na makao yake ya vita ya Wolfsschanze. Leo eneo hilo liko Poland.

Mwandishi wa Italia, Rosella Postorino, alitaka kuonana naye. Bibi akafariki mwaka 2014 kabla hawajakutana. Ndipo Postorino akaandika riwaya, Le assaggiatrici (2018), na kumbuni Rosa Sauer.

Rosa si Mnazi. Ana njaa na anaogopa bunduki za SS. Lakini kila tonge linaloshuka salama linamlinda mtu anayeua mamilioni. Na shibe inamnogea. Hata mapenzi na afisa wa SS yanaingia humo.

Sasa tumwite nani? Mateka au mshirika? Nadhani ni vyote viwili, na ndiyo maana riwaya hii inauma. Tumezoea kusimuliwa vita ya mashujaa na makatili. Wengi waliogopa tu, wakala, wakanyamaza. Udhalimu unahitaji watu wa namna hiyo pia.

Mimi sina uhakika kama ningeisukuma ile sahani. Wewe je?