Viondoa Rangi vya Kemikali: Matumizi na Tahadhari kwa Wakazi wa Bonde la Kilombero

Kiondoa rangi ni kimiminika au mchanganyiko mzito kama uji unaopakwa juu ya rangi iliyokauka ili uilainishe, uiyeyushe au uitenganishe na sehemu iliyoshikamana nayo. Mafundi rangi hukitumia kuandaa milango na madirisha kabla ya kupaka rangi mpya. Matumizi yake mengine, ambayo ndiyo mada ya makala haya, ni kufuta maandishi na michoro iliyowekwa bila idhini kwenye kuta za nyumba, shule, zahanati, vituo vya reli, madaraja na alama za barabarani.

Katika Mji wa Ifakara na maeneo mengine ya Bonde la Kilombero, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, maandishi ya aina hiyo si mageni. Yapo matangazo ya waganga yenye namba za simu, majina ya timu za Simba na Yanga, kaulimbiu za kampeni zinazosalia kutani muda mrefu baada ya uchaguzi, na majina ya vijana wanaotaka kukumbukwa na wapita njia. Mwenye nyumba anapoamua kuyaondoa, mara nyingi huchukua kile kilicho karibu: petroli, thina, kostiki soda au asidi ya betri. Kila kimoja kati ya hivyo kina hatari yake, na baadhi haviondoi rangi kabisa.

Jambo la kwanza la kutambua ni aina ya rangi. Rangi ya maji hukauka na kuwa utando laini wa plastiki. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuungana na hewa na kuwa utando mgumu zaidi. Rangi ya kupuliza kutoka kwenye kopo hukauka kwa dakika chache na hupenya kwenye vitundu vidogo kwa sababu matone yake ni madogo mno. Wino wa kalamu nene si utando bali ni doa, na mkaa ni vumbi tu ambalo huondoka kwa maji ya sabuni na brashi ya katani. Ikiwa rangi yoyote haijakauka, sabuni, maji na kitambaa vikitumika mapema hufanya kazi ambayo kesho yake itahitaji kemikali.

Jambo la pili, ambalo mara nyingi hupuuzwa, ni sehemu iliyopakwa. Nyumba nyingi za Ifakara zimejengwa kwa tofali za kuchoma zilizoachwa bila plasta. Tofali hizo hunyonya maji, na hunyonya pia rangi iliyoyeyushwa. Fundi akimwaga thina juu ya maandishi mekundu na kusugua kwa nguvu, rangi hulainika, hupungua wekundu wake, kisha huzama ndani ya tofali na kuacha kivuli chenye umbo lilelile la herufi. Kivuli hicho ni kigumu kuondoa kuliko maandishi yenyewe. Brashi ya waya huongeza madhara, kwa kuwa hukwangua ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na moto wa tanuru na kuacha sehemu laini ikinyeshewa na mvua za masika.

Njia inayofaa kwa tofali ni ile ya kubandika. Kiondoa rangi huchanganywa na udongo mweupe wa kaolini, au hulowekwa kwenye tabaka kadhaa za karatasi laini, kisha hubandikwa juu ya maandishi na kufunikwa kwa karatasi ya nailoni ili kisikauke upesi. Rangi inapoyeyuka hunyonywa na udongo au karatasi badala ya kunyonywa na tofali. Kazi hii huhitaji saa kadhaa na pengine kurudiwa mara mbili au tatu. Kwa joto la Ifakara ni vyema ifanyike asubuhi au kwenye kivuli, kwani kimiminika kinachokauka kabla ya kufanya kazi ni fedha iliyopotea. Kabla ya yote, kijaribiwe kwenye sehemu ndogo isiyoonekana, yenye upana wa sentimita 10 hivi, na matokeo yaangaliwe siku inayofuata.

Kwa ukuta wenye plasta ambao tayari ulipakwa rangi, kemikali mara nyingi haihitajiki. Kiondoa rangi hakiwezi kutofautisha maandishi na rangi ya ukuta iliyo chini yake. Kitaondoa vyote viwili. Kupaka rangi upya juu ya maandishi ni nafuu na ni salama zaidi, mradi sehemu husika ianze na rangi ya awali ya kuzibia. Bila hatua hiyo, wino na baadhi ya rangi nyekundu huchomoza tena kupitia rangi ya maji.

Miongoni mwa kemikali zinazopatikana kwa urahisi, kostiki soda ndiyo inayofahamika zaidi kwa kuwa hutumiwa na vikundi vya ujasiriamali kutengeneza sabuni. Uwezo wake wa kuondoa rangi ya mafuta unatokana na kanuni hiyohiyo: hugeuza mafuta yaliyomo kwenye rangi kuwa sabuni, na utando hulegea. Kwa sababu hiyo haifanyi kazi ya maana kwenye rangi ya maji wala kwenye rangi nyingi za kupuliza. Huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Inapogusa fremu za alumini huzila na kutoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Kumwaga maji juu yake husababisha mchemko wa ghafla na kuruka kwa matone. Ikibaki ndani ya tofali huchomoza baadaye kama unga mweupe wa chumvi, hivyo ukuta lazima usafishwe kwa maji, kisha kwa siki iliyozimuliwa.

Asidi ya betri na asidi nyingine kali hazifai kwa kazi hii. Asidi hushambulia saruji na chokaa, lakini utando wa rangi huiachia upite. Maandishi yakionekana kutoka, ni kwa sababu plasta iliyoyashikilia imeliwa. Dawa ya kupausha nguo yenye klorini nayo hupunguza baadhi ya wino, si rangi. Na ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya sumu.

Viyeyushi kama thina, asetoni, tapentaini na petroli hulainisha rangi nyingi za kupuliza na baadhi ya rangi za mafuta. Petroli isitumike kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa lililo umbali wa hatua kadhaa, na hulipuka. Thina na asetoni zina hatari hiyohiyo ya moto na zinahitaji mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara na nyaya za umeme. Ikitokea ajali ya moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kemikali inayohitaji tahadhari ya pekee ni dikloromethani, ambayo kwa miongo mingi imekuwa kiungo kikuu cha viondoa rangi vyenye nguvu. Hufanya kazi kwa dakika chache kwenye karibu kila aina ya rangi, na haishiki moto kwa urahisi kama petroli. Ndiyo maana ilipendwa. Hata hivyo, huchemka kwenye nyuzijoto 40 tu, kiwango ambacho ukuta unaopigwa na jua la bondeni unaweza kukifikia. Mvuke wake hulewesha, na ukiingia mwilini sehemu yake hugeuzwa kuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Mafundi wamepoteza maisha katika nchi mbalimbali wakiwa peke yao kwenye vyumba vidogo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo, na glovu nyembamba za hospitali hupenywa ndani ya dakika chache.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2009 uamuzi wa kuzuia viondoa rangi vyenye dikloromethani kwa wananchi wa kawaida na kwa mafundi wengi. Marekani ilizuia uuzaji wake kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019, na mwaka 2024 ikatoa kanuni inayokataza matumizi mengi yaliyosalia. Bidhaa zilizochukua nafasi yake hutumia alkoholi ya benzili au esta zinazovukiza taratibu. Ni za polepole, huhitaji saa badala ya dakika, lakini mvuke wake ni mdogo. Mnunuzi asome lebo: kopo lisilotaja viambato wala tahadhari, au kimiminika kilichopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, lisinunuliwe kwa bei yoyote.

Nchini Tanzania, usimamizi wa kemikali hizi uko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya mwaka 2003, inayowataka wanaoingiza, kuhifadhi na kuuza kemikali kusajiliwa. Mwajiri anayemtuma fundi au kibarua kufanya kazi hiyo anawajibika pia chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Vifaa vya kujikinga si jukumu la kibarua kujinunulia.

Suala la maji machafu lina uzito wa kipekee katika eneo hili. Bonde la mafuriko la Kilombero, lenye takribani kilomita za mraba 7,967, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji yake huelekea Mto Rufiji. Kinachomwagwa kwenye mtaro wa Ifakara wakati wa kiangazi husubiri mvua, kisha hufika kwenye mashamba ya mpunga, mabwawa ya samaki na visima vifupi ambavyo kaya nyingi hutegemea. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo nailoni itandazwe chini ya ukuta kabla ya kazi kuanza, mabaki yakwanguliwe kwa kijiti au kisu cha plastiki na kuwekwa kwenye chombo chenye mfuniko, na maji ya kuoshea yazuiwe kwa mchanga au pumba za mpunga, ambazo bondeni hazikosekani. Mabaki hayo hayachomwi wala hayafukiwi karibu na kisima. Ofisi ya afya na mazingira ya Halmashauri iulizwe mahali pa kuyapeleka.

Miundombinu ya umma haisafishwi na mtu binafsi, hata mwenye nia njema. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 na linalounganisha Wilaya za Kilombero na Ulanga, liko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Vituo vya Ifakara, Mang'ula na Mlimba ni mali ya Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA). Alama za barabarani ni mfano mzuri wa sababu ya katazo hilo: uso wake umebandikwa utando unaorudisha mwanga wa taa za magari, na thina huuharibu utando huo. Alama inaweza kuonekana safi mchana na isionekane kabisa usiku.

Yapo pia maandishi ambayo mwenye nyumba hapaswi kuyafuta ingawa yako kwenye ukuta wake. Alama ya X inayowekwa na TANROADS huonesha kuwa jengo limo ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Kwa utaratibu uliozoeleka, X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililovamia hifadhi ya awali na lisilostahili fidia, na X ya kijani kwenye jengo lililoingizwa na upanuzi huo, ambalo mmiliki wake anastahili kulipwa.

Kuifuta X hakubadilishi chochote, kwa kuwa uamuzi unategemea vipimo na kumbukumbu za ofisi, wala hautokani na rangi iliyo kutani. Kwa mwenye X ya kijani, kuifuta ni kujiondolea ushahidi unaoonekana wa madai yake mwenyewe. Asiyekubaliana na alama hiyo aende ofisi ya TANROADS ya mkoa akiwa na hati au barua ya umiliki, kumbukumbu za tarehe ya ujenzi na picha ya jengo likiwa na alama, na aombe kipimo kirudiwe mbele yake na mbele ya kiongozi wa mtaa au kijiji. Alama ikitenguliwa, aombe barua ya kuthibitisha hivyo kabla ya kugusa ukuta. Kwa kuwa X nyingi hupakwa kwa rangi ya mafuta, kwenye plasta itafunikwa kwa rangi ya kuzibia, na kwenye tofali za kuchoma itahitaji njia ya kubandika iliyoelezwa hapo juu.

Mtu aliyemwagikiwa kemikali aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, macho yakiwa wazi. Aliyemeza asitapishwe. Aliyelewa mvuke atolewe nje kwenye hewa safi, na anayemtoa asiingie chumbani peke yake. Mgonjwa apelekwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, pamoja na kopo la kemikali hiyo, ili daktari asome kwenye lebo kilichomdhuru.