Korongo wa Wembere

Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini ya Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mshale umemchoma shingo. Mshale ule, wenye urefu wa sentimita 80 hivi, ulikuwa wa mti wa Afrika. Ndege huyo alikaushwa, na hadi leo yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla yake walikuwapo wanazuoni wa Ulaya waliosadiki kwamba ndege huzama maziwani wakati wa baridi wakalala humo. Mwindaji asiyejulikana jina, ambaye windo lake lilimponyoka, ndiye aliyewafundisha jiografia.

Korongo hapendi bahari. Hupaa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo haipatikani. Ndiyo maana sisi watu wa visiwani hatumzoei. Hupita Bosfori, Sinai na bonde la Nili, akapumzika Sudan kwa wiki kadhaa, kisha akaifuata mvua kuelekea kusini.

Mvua hiyo ndiyo inayomfikisha Iramba, mkoani Singida. Ulemo umo juu ya uwanda ulioinuka. Chini, upande wa magharibi, imetandaa nyika ya Wembere, ambayo maji yake huingia Ziwa Kitangiri. Wajerumani walipotawala waliitamani nyika hiyo: walipanga kuvuta maji ya Ziwa Viktoria ili walime pamba. Vita vya 1914 viliuzima mpango huo, na nyika ikabaki ya majani, ya matope, na ya nzige.

Kwani Wembere, pamoja na Rukwa, Iku-Katavi na Malagarasi, ni mazalio ya nzige wekundu. Balaa lao lililoanza 1930 lilidumu hadi 1944, na mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kupambana nao, makao yake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia. Adui huyo wa mtama na uwele ni karamu ya korongo. Lakini nzige aliyenyunyiziwa sumu ni chakula chepesi kuokotwa, na anayekiokota kwanza ni yule yule msaidizi wa mkulima.

Mwaka 2009, Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi zilinyunyiziwa kuvu badala ya sumu. Kuvu hilo huua taratibu, kwa wiki moja hadi tatu, na ndege anayemla nzige aliyeugua hadhuriki.