Jina la Newton Dirishani
Shule ya King's, Grantham, Uingereza

Umesimama katika ukumbi wa kale wa shule, uliojengwa kwa mawe mwishoni mwa karne ya 15. Tazama kizingiti cha dirisha: pamechongwa jina "I. Newton". Shule imepokea kizazi kwa kizazi kwamba mchongaji ni Isaac Newton mwenyewe.

Mwanafunzi
Alianza hapa mwaka 1655, akiwa na miaka 12. Kwao Woolsthorpe ni mbali, kilomita zipatazo 11, hivyo alikaa mjini kwa Bwana Clark, muuza dawa. Darasani alifundishwa hasa Kilatini, lugha aliyoandikia baadaye kitabu chake kikuu, *Principia* (1687). Nje ya darasa aliunda saa za jua na kinu kidogo cha upepo.

Shamba au shule?
Mwaka 1659 mama yake, Hannah, alimwachisha masomo ili asimamie shamba. Mwalimu mkuu, Henry Stokes, na mjomba wake, William Ayscough, walimsihi mama hadi akakubali kijana arudi.

Chuo kikuu
Juni 1661 aliingia Chuo cha Trinity, Cambridge, akiwatumikia wenzake ili kumudu gharama. Alipata shahada mwaka 1665. Mwaka huohuo tauni ikafunga chuo. Mwaka 1669, akiwa na miaka 26, alikuwa profesa wa hisabati.

Tunalihifadhi jiwe hili kwa heshima ya mwanafunzi huyo na ya mwalimu aliyempigania. Tafadhali usiguse maandishi.