Wimbo Uliotoka Mto Tana

Majina ya waanzilishi wa kwaya yetu yako ukurasa unaofuata. Hapa tumeomba nafasi kidogo tueleze habari za wimbo ambao kila mmoja wetu aliuimba gwaride la shule kabla hajajua kama sauti yake ni alto au besi. Tunasema Wimbo wa Taifa. Wengi huuona wa Nairobi. Asili yake ni huku kwetu.

Mwaka 1963, Uhuru ulipokaribia, kamati ya watu watano ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa nchi mpya. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kalume alikuwa mchungaji, mtu wa pwani. Omondi baadaye alikuwa profesa wa muziki. Hyslop, ingawa ni Mwingereza, alitunga hata michezo ya kuigiza kwa Kiswahili. Kamati ingeweza kuandika tuni mpya ya kupigia gwaride, kama mataifa mengi. Badala yake ilichukua wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwaimbia watoto walale. Mzee aliyeuleta, na ambaye Tana River humtaja kuwa mtunzi, ni Meza Morowa Galana.

Hapa wanakwaya wasikilize vizuri. Ukiuandika wimbo huo kwa solfa, utaona hautulii kwenye do. Unatulia kwenye la. Nyimbo nyingi za mataifa hutulia kwenye do, zikasikika kama ushindi. Wetu una uzito wa mtu anayeomba. Kwa maoni yetu, ndiyo sababu maneno ya dua yaliukaa vizuri hivyo, kana kwamba tuni ilikuwa ikiyangojea.

Tena kuna jambo la tarumbeta. Baragumu la jeshi lisilo na vali hutoa noti chache tu za mfuatano mmoja, na ndiyo maana milio yake ya kuamsha askari hufanana. Tuni ya mama wa Kipokomo haiwezi kupigwa kwa chombo hicho. Inahitaji tarumbeta yenye vali tatu, na mpigaji mwenye pumzi ya kushika sauti ndefu polepole. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ilipopandishwa Nairobi, bendi ilipiga wimbo ambao ulikuwa umezoea sauti ya mtu mmoja, kwa chini, mtoto akiwa kifuani. Hiyo si safari ndogo.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inautaja Wimbo wa Taifa kati ya alama za nchi. Lakini waulizeni watoto wetu wa Sunday School mtunzi ni nani. Tuliwauliza. Wawili walijibu Kenyatta. (Mmoja alimtaja mwalimu wetu wa kwaya, naye hakukataa haraka.) Na yule mama wa kwanza kabisa aliyeubembeleza usiku kando ya mto, jina lake halimo popote.

Hili linatugusa sisi wenyewe. Katika nyimbo tunazoimba Jumapili, kuna nyingi zilizotungwa na watu wa kanisa hili. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yaliingia nyumba nyingi za bonde hili, na karatasi haziogelei. Nyimbo zimebaki vichwani, na baadhi ya vichwa hivyo sasa vina mvi.

Kwa hiyo tumenunua daftari la jalada gumu. Kila wimbo una ukurasa wake: solfa, maneno, mwaka, na jina la mtunzi kwa kirefu. Baada ya ibada ya leo litakuwa mezani karibu na mlango wa vestri. Akina mama wazee, tafadhali njooni kwanza. Hata kama hamwandiki, imbeni, sisi tutaandika.