Game Boy ndani ya kompyuta: safari ya kuboresha sauti na picha

Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi iliyobuniwa katika kampuni ya Nintendo na timu ya mhandisi Gunpei Yokoi, ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Skrini yake haikuwa na taa wala rangi. Ilikuwa na pikseli 160 kwa upana na 144 kwa kimo, zenye viwango vinne tu vya weusi juu ya usuli wa kijani kilichofifia. Prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 4.19. Sauti ilitoka kwenye chaneli nne: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi ambalo mtunzi alilichora mwenyewe kwa pointi 32, na moja ya mvumo uliotumika kwa ngoma na milipuko. Spika ilikuwa moja. Aliyetaka kusikia kulia na kushoto alivaa hedifoni. Ikijumlishwa na ndugu yake wa mwaka 1998, Game Boy Color, mashine milioni 118.69 ziliuzwa duniani.

Leo gemu nyingi za mashine hiyo huchezwa kwa emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta au simu ijifanye kuwa Game Boy: isome amri zilezile, ichore picha zilezile na itoe sauti zilezile. Kwa miaka mingi wajenzi wa programu hizi wamejitahidi kuziboresha, lakini hawakuwa na jibu moja kuhusu maana ya kuboresha. Wapo waliotaka picha na sauti zipendeze kuliko zilivyokuwa, na wapo waliotaka zirudi vilevile. Kundi la kwanza lilivuma mapema. La pili ndilo lililofanya kazi ngumu zaidi, na ndilo lililofundisha mengi kuhusu mashine yenyewe.

Mwaka 1995 Marat Fayzullin alitoa Virtual GameBoy, moja ya emuleta za mwanzo kabisa za mashine hii. Mwaka huohuo ulianza kusambaa waraka wa kiufundi wa mtu aliyejiita Pan, wa kundi la Anthrox, ulioeleza kumbukumbu, skrini na chaneli za sauti zinavyopangwa. Nintendo haikuwa imeyatoa maelezo hayo kwa umma, kwa hiyo wapenzi waliyakusanya kwa kujaribu na kukosea. Waraka huo unasahihishwa hadi leo na unajulikana kwa jina la Pan Docs.

Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu za kutosha kuigiza kila hatua, hivyo njia za mkato zilikuwa lazima. Ya kawaida kuliko zote ilihusu uchoraji. Game Boy halisi huchora pikseli moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia, kama fundi apangaye vigae. Kila mstari huchukua mapigo 456 ya saa ya mashine. Mistari ni 154, kumi kati yake haionekani, na picha nzima hukamilika kwa mapigo 70,224. Emuleta za mwanzo ziliiacha prosesa iende mapigo 456, kisha zikachora mstari mzima kwa mkupuo kwa mpangilio uliokutwa wakati huo. Gemu nyingi hazikuonyesha tofauti. Lakini baadhi ya watunzi walikuwa wamegundua kwamba mpangilio wa viwango vya weusi unaweza kubadilishwa wakati mstari bado unachorwa, na wakapata madoido ambayo mashine haikuahidi. Gemu ya Prehistorik Man ni mfano unaotajwa sana: katika emuleta ya mstari kwa mstari, madoido hayo hupotea au huvurugika. Dawa ilikuwa moja tu, kuchora pikseli kwa pikseli kama mashine yenyewe, na ilibidi kusubiri kompyuta zenye nguvu zaidi.

Wakati huohuo juhudi nyingine zilielekezwa kwenye ukubwa wa picha. Pikseli 160 zikitandazwa kwenye skrini ya kompyuta huwa miraba mikubwa yenye kingo za ngazi. Mbinu ya kulainisha kingo hizo ilikuwapo kabla ya emuleta za Game Boy. Mwaka 1992 Eric Johnston wa LucasArts, akihamishia gemu za kampuni hiyo kwenye kompyuta za Macintosh, aliandika kanuni iitwayo EPX. Kila pikseli hugawanywa kuwa nne. Jirani wa juu na jirani wa kushoto wakiwa na rangi moja, na majirani wengine wakiwa tofauti, kipande cha juu kushoto huchukua rangi yao; vipande vingine vitatu hupimwa vivyo hivyo. Hesabu ni nyepesi, na mstari wa mshazari uliokuwa na ngazi hunyooka. Mwaka 2001 Andrea Mazzoleni alitoa Scale2x, inayozaa matokeo yaleyale kwa njia ya haraka. Katikati ilikuwapo 2xSaI ya mwaka 1999, na mwaka 2003 Maxim Stepin akaleta familia ya hq2x, inayompima kila mmoja wa majirani wanane kama anafanana na pikseli ya katikati au la. Hali zinazowezekana ni 256, na kila moja ina jibu lililoandaliwa kwenye jedwali.

Vichujio hivi vilipendwa mno, na emuleta kama VisualBoyAdvance, iliyotamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuja na orodha yake. Kwa herufi kubwa na mistari mirefu kazi yake ni nzuri kweli. Tatizo lipo kwenye vitu vidogo. Mchoraji wa Game Boy alikuwa na kigae cha pikseli 8 kwa 8, na jicho la mhusika lilikuwa pikseli moja au mbili zilizowekwa kwa makusudi. Kanuni isiyojua kwamba lile ni jicho hulivuta hadi liwe doa. Madoadoa ya kupishana, ambayo wachoraji waliyatumia kuonyesha kivuli cha kati wasichokuwa nacho, hugeuka kuwa michirizi. Picha hulainika, lakini mchoro wa msanii huharibika.

Uangalizi wa karibu wa skrini yenyewe ndio uliobadili mwelekeo. Kioo cha Game Boy kilikuwa kizito kubadilika. Picha iliyopita iliacha mkia. Wanunuzi walilalamika, lakini watunzi waliugeuza udhaifu huo kuwa rangi ya ziada. Kitu kikichorwa katika fremu moja na kuachwa katika inayofuata, kioo kizito huchanganya hali hizo mbili na jicho huona kitu kinachopenyeza mwanga. Gemu ya Kijapani Chikyū Kaihō Gun ZAS ya mwaka 1992 iliitegemea mbinu hii kwa mandhari yake. Kwenye skrini ya kisasa inayobadilika papo hapo, mandhari hayo humetameta hadi macho yaume. Kwa hiyo emuleta nzuri huchanganya fremu iliyopita na ya sasa: picha inapunguzwa ukali ili ionekane sawasawa.

Rangi zilikuwa na mtihani wa namna hiyohiyo. Game Boy Advance, mashine iliyoirithi Game Boy na kutoka Machi 2001 ikiwa na pikseli 240 kwa 160 na uwezo wa rangi 32,768, nayo haikuwa na taa. Castlevania: Circle of the Moon, iliyotoka mwaka huo, ilikuwa na giza kiasi kwamba wachezaji walitafuta dirisha au balbu ndipo waone njia. Gemu iliyofuata katika mfululizo huo, Harmony of Dissonance ya mwaka 2002, ilipakwa rangi kali na mhusika wake mkuu akazungushiwa ukingo wa buluu unaong'aa. Watunzi walizidisha mwanga wakijua kioo kitaufifisha. Namba zilezile za rangi zikipelekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, matokeo ni picha yenye mwanga uliozidi na rangi za kuumiza macho. Hapo ndipo yalipoanza marekebisho ya rangi: kuangalia kioo halisi kinatoa rangi gani kwa kila namba, kisha kuigeuza namba ifanane. Kazi hiyo siku hizi hufanywa na sheda, programu ndogo zinazoendeshwa na kadi ya michoro, ambazo pia huweza kuchora mistari myembamba inayotenganisha pikseli za kioo cha zamani.

Sauti ilichelewa zaidi, na sababu yake inaeleweka. Mtu huona picha mbovu mara moja, ila sauti mbovu huizoea na kudhani ndivyo gemu ilivyo. Chaneli ya wimbi la mraba hupanda na kushuka ghafla, na katika mashine hatua zake zinaweza kufika takriban milioni moja kwa sekunde. Kadi ya sauti ya kompyuta hupokea namba 44,100 au 48,000 tu kwa sekunde. Emuleta iliyochukua namba iliyokuwapo wakati huo na kuzitupa nyingine ilizaa kosa mahususi. Masafa yaliyo juu ya nusu ya kiwango cha kadi hayapotei. Hujikunja na kurudi chini kama sauti za uongo, zisizo katika ufunguo wa wimbo. Ndiyo ile kero ya mlio kama wa chuma inayosikika kwenye noti za juu katika emuleta za zamani.

Suluhisho lililoenea ni la Shay Green, anayejulikana kama Blargg, kupitia maktaba yake ya Blip_Buffer. Badala ya kuuliza mara kwa mara wimbi liko wapi, programu huandika tu wakati hasa lilipobadilika na kwa kiasi gani. Kila badiliko huwekewa umbo la mpando lililosafishwa mapema, lisilo na masafa ambayo kadi haiwezi kuyabeba. Hesabu hupungua na sauti husafika kwa pamoja. Green pia aliandika programu za majaribio zinazoiuliza mashine maswali madogo madogo kuhusu sauti na prosesa. Emuleta inayojibu tofauti na mashine halisi hujulikana palepale. Mchango huo ni mkubwa kuliko maktaba yenyewe, maana uliwapa wajenzi wote kipimo kimoja.

Usahihi wa wakati una faida inayosikika wazi katika Pokémon Yellow ya mwaka 1998, ambamo Pikachu hutamka jina lake. Game Boy haikuwa na chaneli ya sauti iliyorekodiwa. Gemu huwasha na kuzima sauti ya chaneli kwa kasi kubwa, biti moja moja, hadi sauti ya kiumbe isikike. Emuleta inayokusanya mabadiliko ya sauti na kuyatekeleza mara moja kwa kila fremu humfanya Pikachu awe mkwaruzo.

Lilibaki tatizo la mwendo. Game Boy huchora fremu 59.73 kwa sekunde na skrini nyingi za kompyuta huchora 60. Ukifuata skrini, sauti huzalishwa haraka kuliko kadi inavyoicheza, hurundikana na kukatika. Ukifuata sauti, picha hugugumia kila baada ya sekunde chache. Mwaka 2012 Hans-Kristian Arntzen, mmoja wa waandishi wa RetroArch, programu ya kuendeshea emuleta, alieleza njia ya kuubadilisha mwendo wa sauti kidogo kidogo, chini ya asilimia moja, kulingana na akiba iliyobaki kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda ya sauti inayosubiri kuchezwa. Sikio halitambui badiliko dogo kiasi hicho.

Uaminifu kwa mashine ulifika mbali. Mwaka 2003 mtu anayejulikana kama neviksti alifungua chipu ya Game Boy na kuzisoma kwa darubini baiti 256 za programu ya kuwashia, ile inayoshusha nembo ya Nintendo na kupiga kengele yake. SameBoy, emuleta ya Lior Halphon, huigiza hata kapasita iliyo kwenye njia ya sauti, ambayo hulivuta wimbi taratibu lirudi katikati, na mtumiaji akitaka anaweza kuongeza ule mlio wa umeme uliovuja kuingia kwenye spika.

Mashine za mkononi zinazoendesha emuleta zilikuwa na kikwazo chao. GP32 ya Korea Kusini ya mwaka 2001 na mrithi wake GP2X ya mwaka 2005 zilikuwa na skrini za pikseli 320 kwa 240. Kimo cha 144 kikivutwa hadi 240 kila pikseli inapaswa kuwa 1.67, jambo lisilowezekana, hivyo baadhi ya mistari hunenepa na mingine hubaki myembamba. Nintendo yenyewe ilikutana na hesabu hiyohiyo kwenye 3DS, ambayo kioo chake cha juu pia kina kimo cha pikseli 240, na ikamruhusu mchezaji kuchagua picha ndogo ya ukubwa wa asili. Analogue Pocket ya Desemba 2021, inayotumia chipu ya FPGA iliyopangwa upya badala ya programu ya kawaida, ina skrini ya 1600 kwa 1440: kila pikseli ya Game Boy hupata mraba wa 10 kwa 10, na nafasi inabaki ya kuchora hata mipaka ya pikseli za kioo cha zamani.

Mahali ambapo kuboresha kupita asili kumefanikiwa bila kuumiza kazi ya mtunzi ni sauti ya Game Boy Advance. Gemu zake nyingi zilichanganya ala ndani ya prosesa kwa programu iliyotolewa na Nintendo, mara nyingi kwa sampuli 13,379 tu kwa sekunde, zenye biti nane. Kila ala iliyoongezwa iliongeza mchakacho. mGBA, emuleta iliyoanzishwa na Vicki Pfau mwaka 2013, inaweza kuitambua programu hiyo ndani ya gemu, kusoma noti na sampuli zake, kisha kuzichanganya upya kwa ubora wa kompyuta. Muziki unabaki uleule, ala zilezile, ila mchakacho wa kuchanganya unaondoka. Ni chaguo ambalo mchezaji anaweza kuliwasha au kulizima, na linafanya kazi pale tu gemu inapotumia programu hiyo ya Nintendo. Gemu zilizoandikiwa kichanganyio chake chenyewe hazifaidiki nalo.