Gesi ya mtungi katika gari la petroli: mwongozo kwa wamiliki wa magari Kilosa na Mikumi

Na Mwandishi Wetu

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kwa kila eneo nchini. Kilosa na Mikumi zina mistari yake katika jedwali hilo, na bei zake huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za kuyasafirisha mafuta kutoka bandarini. Si ajabu, basi, kwa mwenye Noah ya abiria au gari dogo la biashara kuutazama mtungi wa gesi uliopo jikoni na kujiuliza kama nishati ile ile haiwezi kuendesha injini.

Inaweza. Taksi za Japani zimetumia gesi ya aina hiyo kwa miongo mingi, na nchini Uturuki, Poland na Korea Kusini magari ya namna hiyo ni ya kawaida barabarani. Linalohitaji kupimwa ni kama mwenye gari anaweza kuifunga gesi hiyo mwenyewe, au kwa fundi wa mtaani, akitumia mtungi wa dukani, na bado akabaki salama na akapata nafuu ya fedha. Kwa mtungi wa jikoni, jibu ni hapana kwa yote mawili.

Gesi mbili zisizofanana

Wananchi wengi huzitaja kwa jina moja gesi mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza ni gesi ya kupikia, LPG, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani. Huingizwa nchini kwa meli na hugeuka kimiminika kwa mgandamizo wa wastani. Ya pili ni gesi asilia, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ikishindiliwa kwa matumizi ya magari huitwa CNG, na hukaa katika mtungi mzito kwa mgandamizo wa takribani baa 200. Hiyo ndiyo inayoendesha bajaji na magari yanayoonekana yakipanga foleni kwenye vituo vya gesi Dar es Salaam.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa usalama ni uzito. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi hupaa na kutawanyika. LPG ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mbili. Ikivuja ndani ya gari hutulia sakafuni, chini ya viti na katika shimo la tairi la akiba, ikisubiri cheche. Cheche hiyo inaweza kutoka kwenye taa ya ndani au swichi ya mlango.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya LPG ikiwa kimiminika hutoa takribani lita 250 za gesi, na gesi hiyo huanza kuweza kuwaka inapofikia asilimia 2 hivi ya hewa. Gari dogo lina nafasi ya ndani ya takribani lita 3,000. Kwa hiyo robo lita tu, yaani kikombe kimoja cha chai, hutosha kuifanya hewa yote ya ndani ya gari lililofungwa madirisha iweze kushika moto.

Kwa nini mtungi wa jikoni haufai

Mtungi wa kilo 6 au 15 umetengenezwa usimame wima mahali palipotulia, ukitoa mvuke kidogo kidogo kupitia juu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa na kutumia lita 8 za petroli kwa kilomita 100 lingehitaji zaidi ya kilo 4 za LPG kwa saa. Mtungi wa nyumbani hauwezi kutoa mvuke mwingi kiasi hicho kwa mfululizo: hupoa, hushika umande na hata barafu kwa nje, mgandamizo hushuka na injini hukosa nguvu mlimani. Hapo ndipo baadhi ya watu hushawishika kuulaza au kuugeuza mtungi ili gesi itoke kwa wingi. Kinachotoka wakati huo ni kimiminika, na rijuleta ya jiko pamoja na hozi yake havikutengenezwa kukihimili.

Mfumo halali wa gari hulitatua jambo hilo kwa kifaa kiitwacho kivukizi. Kimiminika hutoka katika tangi, hupita ndani ya kivukizi kinachopashwa joto na maji ya rejeta, kisha hufika kwenye injini kikiwa gesi iliyopimwa na kompyuta ndogo. Ndiyo maana gari la namna hiyo huwashwa kwa petroli kwanza na kuhamia gesi baada ya injini kupata joto.

Tangi lenyewe pia ni kitu kingine kabisa. Lina vali inayozuia lisijazwe zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa kimiminika hutanuka joto linapopanda, na mchana wa Mikumi ni wa joto kweli. Lina vali ya kupunguza mgandamizo, vali inayojifunga bomba likikatika, na vali ya umeme inayofunga injini inapozimwa. Viungo vyake hufunikwa na kasha lisilopitisha hewa, lenye bomba la kutolea gesi nje ya gari. Masharti hayo yamo katika Kanuni namba 67 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya (bara la Ulaya, si kata yetu ya Ulaya iliyopo hapa Kilosa). Mtungi wa jikoni haukuundwa kwa masharti hayo, wala haukutengenezwa uhimili mgongano wa barabarani.

Tuongeze hali ya barabara zetu. Barabara kuu ya Tanzam hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, ikiwa na matuta mengi yaliyowekwa kuwalinda wanyama. Mtungi uliofungwa kwa kamba au mpira kwenye buti utatikiswa kwenye kila tuta, na kiungo cha hozi ndicho kitakacholegea kwanza.

Mkoa wa Morogoro hauhitaji kukumbushwa jinsi moto wa mafuta unavyokwenda kasi kuliko mtu. Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu na kuwaka moto wakati watu wakichota mafuta. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwa upande wa LPG, usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko katika eneo la kujazia gesi Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kuwa maombi ya kituo hicho yalikuwa yamekataliwa. Hapa nchini pia, kujaza LPG ni shughuli ya leseni ya EWURA, na anayehamisha gesi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine uani kwake anavunja sheria.

Hesabu ya fedha

Hata tukiiweka hatari pembeni kwa muda, nafuu inayotarajiwa ni ndogo. Kilo moja ya LPG ina nishati inayokaribia lita 1.4 za petroli. Mtungi wa kilo 15, kwa hiyo, ni sawa na lita 21 hivi za petroli. Mwenye gari achukue bei anayolipa dukani kwa kujaza mtungi huo, aigawe kwa 21, kisha ailinganishe na bei kikomo ya petroli ya eneo lake. Tuchukulie tofauti ni Sh300 kwa lita na gari linatumia lita 8 kwa siku. Akiba ni Sh2,400 kwa siku. Kama vifaa halali na ufungaji vitagharimu Sh2,000,000, itamchukua zaidi ya siku 830 za kazi kurudisha fedha zake, bila kuhesabu matengenezo.

CNG ina hesabu nyingine. Kwa miaka kadhaa imeuzwa takribani Sh1,550 kwa kilo, na kilo moja inakaribia lita moja na nusu ya petroli, yaani kama Sh1,030 kwa nishati ya lita moja. Hapo ndipo nafuu ya kweli ilipo, na ndiyo sababu Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) na kampuni binafsi wamejielekeza huko, huku Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ikifunga mifumo hiyo katika karakana yake.

Kikwazo kwa mkazi wa Kilosa ni umbali. Bomba kutoka Mtwara lililozinduliwa mwaka 2015 hufikisha gesi Dar es Salaam, halifiki huku. Mtungi wa CNG wa ujazo wa lita 60 hubeba takribani kilo 10, na gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja ya petroli litakwenda kama kilomita 180 kwa kilo hizo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takribani kilomita 300. Gesi itaisha karibu na mji wa Morogoro na safari itaendelea kwa petroli. Kwa anayekwenda Dar es Salaam kila wiki, ufungaji unaweza kujilipa. Kwa Noah inayozunguka kati ya Kilosa, Kimamba na Dumila, mwenye gari asitoe fedha kabla ya kuhakikisha kuwa kituo cha kujazia kipo katika njia yake ya kila siku.

Yaliyo mikononi mwa mwenye gari

Kufunga mfumo ni kazi ya karakana yenye mafundi waliosomea. Maandalizi na uangalizi, hata hivyo, mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe, na hapo ndipo wengi huzembea.

Kabla ya kufunga, injini iwe nzima kwa petroli. Plagi zilizochakaa na chujio la hewa lililojaa vumbi huleta miss zaidi kwenye gesi. Fundi aulizwe kuhusu siti za valvu, kwani baadhi ya injini za Kijapani zina siti laini zinazoliwa haraka na gesi. Maji ya rejeta yasipungue, kwa kuwa kivukizi cha LPG na rijuleta ya CNG hutegemea joto lake.

Baada ya kufunga, viungo vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Tangi la petroli lisiachwe tupu: pampu yake hupozwa na petroli yenyewe, na wengi wameiunguza kwa kuendesha gesi pekee. Hati ya ufungaji yenye namba ya mtungi na tarehe ya kupimwa tena itunzwe pamoja na kadi ya gari. Kadi hiyo hutaja aina ya nishati, kwa hiyo mabadiliko yafikishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kabla ajali haijatokea.

Harufu ya gesi ikisikika ndani ya gari, simama mahali pa wazi, zima injini, shusha abiria wote na ufunge vali ya mkono ya tangi kama inafikika bila hatari. Usiguse swichi nyingine yoyote. Mkiwa mmesogea mbali, piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo haitozwi gharama.