Kesi ya bangi: Mkoba ni wa nani?

Mji wa Makindu, Kaunti ya Makueni, uko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, nao una mahakama yake. Katika barabara kama hiyo, kesi ya bangi yaweza kuanzia ndani ya basi: polisi wanapata mkoba juu ya kiti, na abiria aliyeketi hapo anakana kuwa ni wake.

Utetezi huanzia papo hapo. Kuketi karibu na mzigo si kuumiliki. Sharti upande wa mashtaka uthibitishe kwamba mshtakiwa alijua kilichomo, na kwamba mzigo ulikuwa chini ya mamlaka yake. Stakabadhi ya mizigo na ushahidi wa utingo huweza kuamua mengi.

Kisha kuna kielelezo chenyewe. Kifungu cha 74A cha sheria ya mihadarati ya 1994 chataka dawa zipimwe uzito, ikiwezekana, mbele ya mshukiwa na wakili wake, ndipo mkemia achukue sampuli. Uzito ukitofautiana baina ya kituo cha polisi na mahakama, wakili ana haki ya kuuliza iwapo bangi ni ile ile.

Kudai kwamba bangi ilikuwa ya kuvuta mwenyewe hupunguza adhabu tu; kosa hubaki, na mzigo wa kuthibitisha dai hilo humwangukia mshtakiwa.

Katiba ya 2010 inampa haki ya kunyamaza na ya kuonyeshwa ushahidi mapema. Akihukumiwa, ana siku 14 za kukata rufaa.